Je, Wajua? Usaili wa Edison

Mwaka 1921, suti safi haikutosha kumridhisha Thomas Edison. Vijana walioomba kazi kwake, hata wenye shahada, walikabidhiwa karatasi yenye maswali zaidi ya 140.

Nchi zipi zinapakana na Ufaransa? Mto Volga uko wapi? Nani alivumbua logarithi?

Wengi walianguka.

Mwezi Mei maswali yakavuja magazetini, na Wamarekani wakaanza kujipima majumbani. Edison akalazimika kutunga mengine.

Mwezi huohuo Albert Einstein, akiwa ziarani Boston, alitupiwa swali moja la aina hiyo: kasi ya sauti ni ipi? Hakuikumbuka. Alijibu kuwa habebi kichwani mambo yanayopatikana vitabuni. Mwaka uliofuata alitangaziwa Tuzo ya Nobel, ya fizikia tena!