Arosto Ikipita, Hatari Haijapita

Kijana aliyezoea heroini, yaani unga, akirejea Newala au Masasi kutoka Dar es Salaam, huenda ndugu wakamfungia ndani hadi arosto ipite. Maumivu ya viungo, kuhara, kutapika na kukosa usingizi hupungua kwa takriban juma moja, na wazazi hushukuru. Hapo ndipo hatari kubwa huanza: mwili umekwisha kupoteza ustahimilivu wake, ilhali uchu umebaki. Akishika fedha za korosho na kurudia kiasi alichokizoea zamani, pumzi yake huweza kukoma. Asiyeamshika, mwenye mboni ndogo mno na anayepumua kwa nadra alazwe ubavu na afikishwe hospitali mara moja.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 huadhibu kumiliki na kutumia heroini. Msafirishaji aweza kufungwa maisha. Hata hivyo, uraibu ni ugonjwa unaotibika: tangu 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku chini ya usimamizi. Mhudumu wa zahanati aulize mgonjwa alitumia lini mara ya mwisho, na ndugu waelezwe hatari hiyo kabla hawajaondoka naye.