Maneno ya Maziko na Mipaka ya Ushahidi wa Lugha

Makala haya mafupi yanachunguza namna msamiati unavyoweza kutueleza juu ya maziko ya kale katika pwani ya Mtwara na mlango wa mto Ruvuma. Katika Kiswahili cha huko, kaburi, maiti na jeneza ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ilhali -fa, -lia, -zika na mzimu ni ya Kibantu. Kitenzi -zika kinalandana na -ziika ya Kiganda na -thika ya Kigikuyu. Hivyo dhana yake ilitangulia maingiliano na Waarabu.

Hata hivyo, ulinganishi huo unaishia kwenye Mame-Bantu, lugha inayokisiwa kuzungumzwa miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Mbali zaidi ya hapo ni mifupa inayosema. Kaskazini mwa pwani hiyohiyo, katika pango la Panga ya Saidi nchini Kenya, mtoto wa miaka ipatayo mitatu alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa alilazwa kwa ubavu wa kulia, miguu imekunjwa, na huenda kichwa kiliegemezwa juu ya kitu mithili ya mto wa kulalia.

Mifupa imehifadhi namna alivyolazwa. Maneno ya waliomlilia hayakuacha alama. Kwa sababu hiyo, msamiati wa msiba wa Kimakonde, Kimakuwa na Kimwera hauna budi kukusanywa wazee wangali hai. Ukipotea, hakuna uchimbuaji utakaourejesha.