Mvua Ikinyesha, Soma Hadithi ya Kusisimua

Hapa Ntalikwa, kama ilivyo Unyamwezi kote, mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Kazi za miezi hiyo tunazijua wote: kulima, kupanda mahindi, kuhamishia miche ya tumbaku shambani, kupalilia. Lakini ziko saa ambazo jembe halifanyi kitu. Mvua ikishuka alasiri shamba linageuka tope, basi mtu anarudi nyumbani na kukaa. Ikinyesha usiku, bati linapiga kelele hata mazungumzo hayasikiki. Saa hizo ndizo tunazotaka kuzizungumzia. Tunasema zinafaa sana kusoma kitabu cha hadithi, tena hadithi ya kusisimua, ile inayomweka mtu roho juu.

Wako watakaocheka. "Mwalimu, hadithi? Si afadhali tusome habari za mbolea?" Habari za mbolea ni nzuri. Ila hebu jiulize: ile karatasi ya maelekezo ya mbolea uliisoma mara ngapi? Mara moja, pengine nusu, kisha ikafungiwa chumvi. Hatumlaumu mtu. Kusoma ni kama njia ya porini. Ikipitwa kila siku inabaki nyeupe. Ikiachwa masika mawili majani yanaifunika, na hata yule aliyeichonga anapotea.

Jambo hili lilipata taifa zima. Mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wakasoma chini ya miembe, kwenye maghala, kwenye ofisi za chama. Ulipofika mwaka 1986, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama mmoja tu katika kumi. Wageni wa nchi nyingi walikuja kutazama jambo hilo limewezekanaje. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma wamekuwa karibu watatu katika kila kumi! Tangu hapo hali imepanda tena kidogo kidogo. Sababu za kuanguka ni nyingi. Madarasa mengi yalikufa, na watoto wengi hawakwenda shule. Lakini moja tunaiona kwa macho yetu kila tunapotembelea vijiji: mtu anamaliza kisomo, anapewa cheti, halafu hana kitu cha kusoma kinachomvuta. Cheti kinabaki ukutani na herufi zinaondoka kichwani.

Sasa, kwa nini hadithi ya kusisimua, na kwa nini wakati wa mvua?

Wazungu wanalijua jambo hili kwa njia yao. Kwao masika yao ni theluji. Theluji ile tunayoiona kwenye picha za kilele cha Kilimanjaro, wao inawaangukia barabarani na juu ya paa. Huko London, mwezi wa Desemba, jua linatua mnamo saa kumi alasiri, wakati hapa Tabora mwezi huo huo linatua kama saa moja. Fikiri usiku ulivyo mrefu! Basi watu wanakaa ndani karibu na moto na kitabu. Na waandishi wao wameitumia theluji yenyewe kutia hofu. Mwaka 1934 mama mmoja Mwingereza, Agatha Christie, alitoa hadithi ya treni iliyokwama kwenye theluji. Usiku abiria mmoja anauawa. Nje ni theluji tupu, hakuna aliyeweza kutoroka. Basi muuaji bado yumo ndani ya treni, pengine ndiye anayekunywa chai na wenzake. Ni nani? Msomaji hawezi kuweka kitabu chini.

Sisi hatuna theluji, lakini kukwama tunakujua. Wasafiri wa reli yetu ya kati wanakumbuka mvua za mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 zilivyoiharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe. Na hata bila treni, mvua ya usiku inamfungia mtu ndani. Nje giza, huoni mlango wa jirani, na kila kishindo unajiuliza ni tawi au ni mtu. Ukisoma hadithi ya hofu katika hali hiyo, nusu ya kazi ya mwandishi imekwisha fanywa na mvua.

Ile hali ya roho juu, wataalamu wa vitabu wanaiita taharuki. Neno kubwa, lakini jambo lenyewe si geni. Mwandishi anakutia swali moyoni, halafu anakataa kukujibu upesi. Ni hivyo tu. Tutoe mfano wa hapa hapa kwetu. Mtu akikuambia, "Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji," utasema haya, vema, na utaendelea kumenya karanga. Sasa sikiliza kwa njia nyingine. Mzee Livingstone amepotea barani. Habari zake hazifiki, wengine wanasema amekufa. Gazeti moja la Marekani linamtuma Stanley amtafute. Anapita njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na mwezi wa Juni anafika hapa Tabora. Lo! Njia ya kwenda Ujiji imefungwa. Mtemi Mirambo anapigana na Waarabu wa Tabora. Stanley anaingia vitani upande wa Waarabu, nao wanashindwa. Wenzake wanakimbia. Miezi inapita. Mzee bado yu hai, au wanamfuata maiti? Hatimaye, mwezi wa Septemba, Stanley anaamua kuzunguka kwa njia ya kusini...

Hapo ukimwambia msikilizaji, "Tutaendelea kesho," atakushika shati. Mambo ni yale yale, mwaka ni ule ule, lakini sasa anataka kujua. (Atakayetaka kuona, tembe walilokaa wazungu hao wawili mwaka 1872 ni jumba la makumbusho pale Kwihara, si mbali na mji wa Tabora.)

Kutaka kujua ndiko kunakomfanya msomaji mpya apite juu ya maneno magumu bila kuchoka. Katika kikundi chetu cha kusoma yuko mama mmoja ambaye zamani alikuwa anasoma mistari mitano na kusinzia. Tulimpa kitabu cha upelelezi. Wiki iliyofuata tulimpitia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hicho kitabu chako kimeniunguzia kunde zangu." Alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na kitu. Jioni anawasomea wajukuu kwa sauti, na akifika mahali pa hatari anakifunga na kusema lala. Wajukuu wanalia. Mkubwa wao, wa darasa la tatu, siku moja alikichukua kwa siri akajisomea mwenyewe. Kumbe kitabu kimoja kimefundisha nyumba mbili!

Vitabu vyenyewe vipo, tena vya Kiswahili chetu. Wa kwanza kumtaja ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale" ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Na wale wanaosema hadithi ni adui wa kilimo wasikie hili: mwandishi huyo alikuwa mhariri wa gazeti la kilimo la Unguja lililoitwa "Mkulima", tangu mwaka 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968. Mchana aliandika mambo ya mashamba, na bado alipata nafasi ya kutunga visa vya Bwana Msa.

Bwana Msa ni mpelelezi asiyevaa sare. Anavuta kiko chake, anatazama, anauliza, anafikiri. Katika kitabu hicho tajiri mwenye shamba anauawa, na maiti inakutwa mahali watu wanapopaogopa kwa sababu ya mzimu. Kila mtu ana jibu tayari: ni mzimu. Bwana Msa halipokei jibu hilo. Anauliza nani alikuwa wapi, nani alimwona nani, nani anafaidika. Zaidi hatusemi, tusije tukakuharibia utamu.

Hapo tunaomba tusimame kidogo, maana jambo hili si mchezo katika mikoa yetu. Tabora, Shinyanga na kwingineko kanda hii, akina bibi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Ng'ombe amekufa, mtoto ameugua, basi linatafutwa jicho jekundu. Na jicho la bibi ni jekundu kwa nini? Kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Tulisoma sura za Bwana Msa pamoja kwenye kikundi, na katikati ya kusoma mzee mmoja akauliza, "Sasa huyu anasema ni mzimu, amejuaje?" Hakuna aliyemjibu kwa muda. Mvua ilikuwa inanyesha. Halafu watu wakaanza kusema, si habari za kitabu tena, bali za mambo yaliyowahi kutokea vijijini. Sisi hatukuwa tumepanga somo hilo. Ile hadithi ya kujifurahisha ndiyo iliyolifungua, na tunaona mkutano wa hadhara usingeliweza.

Baada ya Bwana Msa wako wengine. Faraji Katalambulla alitoa "Simu ya Kifo" mwaka 1965, siku ambazo simu ilikuwa ya waya na nyumba zilizokuwa nayo zilihesabika. Leo kila mfuko una simu, lakini kitabu bado kinatisha. Elvis Musiba alianza na "Kufa na Kupona" mwaka 1974. Mtu wake, Willy Gamba, ni jasusi wa Tanzania, na mambo yake yanagusa zile siku za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Wazee waliokuwa na redio miaka ile watayatambua. Na majirani zetu wa Kigoma walitupa Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, ambaye mpelelezi wake ni Joram Kiango. Tuseme kweli: katika baadhi ya vitabu vya namna hii damu ni nyingi, na mambo ya chumbani hayakufunikwa sana. Mtu mzima atajichagulia. Anayesoma kwa sauti mbele ya watoto atangulie kusoma peke yake. Sisi kwa msomaji mpya tunapendekeza aanze na Bwana Msa, ingawa Kiswahili chake ni cha Unguja na maneno mengine yatakupiga chenga.

Yakikupiga chenga, usisimame. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kwa wahitimu wetu: neno moja linamzuia, anatafuta wa kumuuliza, anakosa, anafunga kitabu. Pita! Mara nyingi mstari wa tatu utakueleza lile neno la mstari wa kwanza. Likirudi mara tatu na bado hulielewi, liandike kwenye karatasi uje nalo kikundini. Karatasi hiyo hiyo andika na majina ya watu wa hadithi kadiri wanavyotokea, maana katika hadithi ya upelelezi yule mtumishi aliyeleta maji ukurasa wa kumi anaweza kuwa ndiye. Na usifungue ukurasa wa mwisho. Anayefanya hivyo amejiibia mwenyewe.

Habari ya mwanga. Kibatari kinatoa moshi, na macho yaliyokwisha choka yanaumia zaidi. Siku hizi taa ndogo za sola zimeenea, na moja inatosha watu wawili au watatu wakikaa upande mmoja. Wakati wa mawingu haijai vizuri, kwa hiyo iweke nje mapema jua linapochomoza, usingoje mchana mvua inapokuja. Mwenye macho yasiyoona karibu asione haya kwenda kupimwa. Wengi wanaodhani wamesahau kusoma hawakusahau, wanahitaji miwani.

Kitabu utakipata wapi? Maktaba ya Mkoa iko mjini Tabora, na anayekwenda mjini kwa shughuli zake anaweza kupita kuuliza masharti ya kuazima. Kwenye meza za vitabu vya mitumba navyo huonekana, vingine havina jalada. Kabla ya kununua hesabu kurasa za mwisho. Hadithi ya upelelezi iliyochanika mwishoni ni mateso, utabaki na muuaji wako kichwani mpaka masika mengine. Njia rahisi zaidi ni watu watano wachange wanunue kimoja, kizunguke kila wiki nyumba moja.

Kikiwa nyumbani kwako, usikiweke sakafuni wala usikiegemeze ukutani. Mchwa wa huku wanajua kusoma kuliko sisi, usiku mmoja wanamaliza sura tatu. Kifunge kwenye mfuko wa nailoni usiotoboka, ukitundike kwenye boriti mbali na mahali bati linapovuja. Na ukikitoa, nawa mikono kwanza, hasa kama umetoka kuchuma tumbaku. Utomvu wake ukigusa karatasi hautoki, na anayekufuata naye anataka kuona maandishi.