Glock, SIG, Shield ao Hellcat? Namna ya kulinganisha bastola ndogo bila kufuata jina



Kati yetu kuna swali moja linarudi kila mara: kati ya Glock na SIG, ni gani nzuri kwa mtu anayetaka kubeba bastola kila siku? Wengine wanauliza juu ya filamu. Wengine wanauliza juu wako na ndugu Ohio, Texas ao Kentucky, na huko bastola inauzwa dukani. Tunagombana juu ya majina, lakini hakuna anayetoa kipimo.

Miye ni agronome, siko askari. Lakini kulinganisha vitu njo kazi nilifundishwa: mbele ya kusema mbegu hii inapita ile, taja kwanza unapima nini. Donc nimesoma fiche techniques za watengenezaji sawa tunavyosoma fiche ya mbegu ya mahindi. Nilichoona ni hiki: marke kubwa zinakaribiana sana, kila faida iko na bei yake, na tofauti inayoweza kuua mtu haiandikwe kwenye publicité.

Tunazungumza juu ya kitu gani?

Bastola semi-otomatiki ni ile inayotoa risasi moja kila mara unapovuta kifyatulio. Nguvu ya ule mlipuko inarudisha nyuma sehemu ya juu ya bastola, ganda linatoka, risasi mupya inaingia. Masasi yanakaa ndani ya mshiko, katika kisanduku ambacho askari wetu wanaita chargeur. Karibu zote nitakazotaja zinatumia risasi ile ile, 9 mm Parabellum, ambayo Georg Luger aliitengeneza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo "nguvu" ya Glock na "nguvu" ya SIG ni kitu kimoja. Ukisikia mtu anasema hii inapiga sana kuliko ile, mwulize kwanza kama masasi ni tofauti.

Wazo la kuweka masasi mengi katika mshiko si la leo, na kwetu si geni. Bastola ya FN, GP35, iliyotoka Herstal, Ubelgiji, mwaka 1935, ilikuwa na kisanduku cha masasi 13, yamepangwa mistari miwili. Dieudonné Saive njo aliyeleta mpango huo. Wazee waliotumika jeshini wanaijua, juu silaha nyingi za kule zilitoka kwa Wabelgiji. Lakini GP35 ni ya chuma na iko karibu kilo moja. Kuificha chini ya shati siku nzima ni taabu.

Sheria njo iliyozaa bastola ndogo

Soko hili ni la Marekani, na bila kujua sheria ya huko hautaelewa bidhaa. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria: mtu akitimiza masharti, serikali inalazimika kumpa ruhusa ya kubeba silaha iliyofichwa. Majimbo mengi yakafuata moja kwa moja, na Illinois ilikuwa la mwisho kukubali raia wabebe silaha iliyofichwa, mwaka 2013. Mwaka 2022, katika kesi inayoitwa Bruen, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kubeba bastola nje ya nyumba ni haki inayolindwa na Katiba yao. Mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yanakubali mtu mzima kubeba bila hata karatasi ya ruhusa.

Sheria ingine ilisukuma upande wa pili. Kuanzia 1994 mpaka 2004, visanduku vipya vya zaidi ya masasi 10 vilikatazwa kwa raia. Fikiri kama fundi: kama siwezi kupita 10, kwa nini niuze bastola kubwa? Mwaka 1995 Glock ilitoa Glock 26, fupi, ya masasi 10. Kwa hiyo hata umbo la kitu liliamuliwa bungeni sawa vile katika kiwanda.

Vipimo, kwa namba

Glock ni ya Austria. Gaston Glock, aliyekufa desemba 2023, hakuanzia kwa bunduki. Kampuni yake ilikuwa inafanya vitu vya plastiki na visu vya jeshi. Jeshi la Austria lilichukua bastola yake, Glock 17, mwaka 1982. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, na leo karibu marke zote zinafanya vile. Sasa tuangalie hizi:

– Glock 19 (1988): masasi 15, mtutu mm 102, karibu gramu 600 bila kisanduku, unene karibu mm 34.
– Smith & Wesson M&P Shield (2012): masasi 7 ao 8, mtutu mm 79, karibu gramu 540, unene karibu mm 24.
– Glock 43 (2015): masasi 6, mtutu karibu mm 87, nyembamba sawa na Shield.
– SIG Sauer P365 (2018): masasi 10, mtutu mm 79, karibu gramu 500.
– Springfield Hellcat (2019): masasi 11, ao 13 na kisanduku kirefu, mtutu mm 76, karibu gramu 520.

Angalia mwaka 2018. Mbele yake, ukitaka bastola nyembamba ulipata masasi 6 mpaka 8. SIG ilileta 10 katika ukubwa karibu ule ule. Walifanyaje? Chini ya kisanduku masasi yanapishana kidogo, si mistari miwili kamili, wala si mstari mmoja. Yakipanda juu yanarudi kuwa mstari mmoja. Nafasi iliyokuwa wazi ndani ya mshiko ikatumika. Ni sawa na kupanda kwa kupishanisha mashimo: shamba ni lile lile, miche inaongezeka.

Na wengine wakafanya nini? Glock 43X ikatoka 2019 na masasi 10, Shield Plus 2021 na masasi 10 ao 13. Donc faida ya SIG ilidumu muda mfupi, kisha wote wakafika karibu pale pale. Mtu anayegombania marke leo anagombania kitu ambacho washindani wamekwisha kulingana.

Bei ya udogo

Kwetu mbegu inayokomaa haraka mara nyingi inazaa kidogo. Bastola vile vile. Risasi ya 9 mm iko na gramu 8 hivi na inatoka kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde. Ule msukumo haubadiliki. Bastola ikiwa nyepesi, mkono wako njo unaopokea kilichobaki: ukipunguza uzito nusu, energie ya teke inaongezeka karibu mara mbili. Bastola ndogo ni nzuri kubeba, mbaya kujifunzia.

Kitu cha pili ni kulenga. Alama za kulengea ziko mbili, moja nyuma, moja mbele. Kama umbali kati yao ni cm 15, kosa la mm 1 linakuwa karibu cm 6,7 kwenye mita 10. Kama umbali ni cm 13, kosa lile lile linakuwa karibu cm 7,7. Mkono unaotetemeka juu ya woga hautafanya kosa la mm 1 tu. Basi Glock 19 haikuzeeka. Ni kubwa kidogo, na ule ukubwa njo faida yake. Mtu asiyefanya mazoezi atapiga vizuri zaidi na ile anayosema ni nzito.

Jina haliseme kila kitu

Tuchukue Springfield Armory. Jina hilo lilikuwa la ghala la silaha la serikali ya Marekani, huko Massachusetts, lililofungwa 1968. Kampuni ya leo ni ya watu binafsi, iko Illinois, ilichukua jina tu. Na Hellcat yenyewe inatengenezwa Karlovac, nchini Croatia. Siseme ni mbaya. Nasema anayeinunua kwa kupenda historia ya Marekani ananunua kazi ya Wacroatia.

Na jina kubwa halikingi na kasoro. Mwaka 2011 Glock ilibadilishia wateja springi ya bastola zake za kizazi cha nne. Mwaka 2013 Smith & Wesson ilitoa onyo juu ya Shield za kwanza, zilizoweza kutoa risasi zikianguka; mwaka ule ule Springfield iliita zirudi bastola zake za XD-S. Mwaka 2017 SIG, iliyokuwa imeshinda soko la jeshi la Marekani mwezi wa kwanza, ilitangaza mwezi wa nane kwamba itabadilisha vipande ndani ya P320 za raia, juu majaribio yalionyesha inaweza kulipuka ikianguka kwa pembe fulani. Marke nne, hadithi nne. Kwa hiyo swali la maana haliko "marke gani haina kasoro?" Haipo. Swali ni: hii bastola, na hii namba yake, imekwisha kurudishwa kutengenezwa ao hapana? Namba iko juu ya chuma, na mtengenezaji anajibu.

Kifyatulio na ala

Hapa njo mahali nilisema publicité inanyamaza. Glock haina kifungo cha sekirite cha kusukuma kwa kidole. Sekirite zake ziko ndani, na ingine iko kwenye kifyatulio chenyewe: ukikigusa kama unavuta, zote zinafunguka. Shield na P365 zinauzwa na kifungo ao bila kifungo. Wanaopenda bila kifungo wanasema katika hatari mtu anasahau kukisukuma. Wanaopenda kifungo wanasema mtu anasahau kidole chake. Wote wako na haki, na ndiyo maana kipande muhimu kuliko marke ni ala: ile ngumu, inayofunika kifyatulio kabisa. Bastola ya semi-otomatiki iliyotupwa katika sakoshi, pamoja na funguo na kalamu, ni ajali inayongoja saa. Bastola chini ya mto, na watoto nyumbani, hali kadhalika.

Na kuna namba ambayo hakuna marke inayoibadilisha. Mwaka 2021 watu 48.830 walikufa kwa silaha za moto Marekani. Kati yao 26.328 walijiua wenyewe. Soma tena: zaidi ya nusu. Mtu ananunua akiwaza mwizi, na hatari ya kwanza iko ndani ya nyumba, usiku, siku mtu amevunjika moyo. Ndugu yetu aliyefika huko na kumbukumbu za vita, hana kazi, hana usingizi, anahitaji mtu wa kuongea naye mbele ya kuhitaji P365.

Kwa wale wanaotafuta bourse

Wanafunzi, hili ni lenu. Ukiingia Marekani na visa ya masomo, sheria ya shirikisho inakukataza kuwa na silaha ya moto ao masasi, isipokuwa katika hali chache kama kuwa na leseni ya kuwinda. Rafiki akikuambia "hapa kila mtu anabeba", anasema juu yake, si juu yako. Kosa hilo linaweza kukuletea gereza na kufukuzwa nchini, na licence yako haitakusaidia. Hata kwa raia, duka lenye kibali haliuzie bastola mtu wa chini ya miaka 21 kwa sheria ya 1968, na mnunuzi anajaza fomu na kuchunguzwa mbele ya kuuziwa.

Na kwetu? Ordonnance-loi n° 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985 njo inayopanga mambo ya silaha na masasi. Raia bila ruhusa ya serikali hana haki ya kubeba. Katika Mashariki yetu, kijana akikutwa na bastola kwenye barrière, hakuna atakayemuuliza kama ni Glock ao SIG.

Kama ndugu akikuuliza

Mpe mpangilio huu. Kwanza: sheria inakuruhusu, wewe, na karatasi zako? Pili: nyumbani kuna watoto, kuna mtu anayesumbuka rohoni, kuna sanduku la kufunga na ufunguo? Tatu: utalipia mafunzo na masasi ya mazoezi, ao pesa inaisha dukani? Nne: ala gani? Tano: mkono wako unashika ukubwa gani vizuri? Sita njo marke. Akifika hapo na majibu mazuri, yoyote kati ya hizo nitakuwa sina neno nayo, na ugomvi wetu wa Glock na SIG unabaki kama ugomvi wa rangi ya mfuko wa mbegu. Akikwama kwenye namba moja ao mbili, jibu ni asinunue, hata wakimpa bure.