Programu ndogo, hatari kubwa: jinsi tovuti zinavyovamiwa kupitia faili

Tarehe 1 Septemba 2020, Seravo, kampuni ya Ufini inayohifadhi tovuti za wateja, iligundua kwamba wadukuzi walikuwa wakiingiza faili zao katika tovuti bila kuhitaji nywila. Mlango waliopitia haukuwa katika mfumo mkuu wa tovuti hizo, bali katika programu ndogo iitwayo File Manager, ambayo wakati huo ilikuwa imewekwa katika tovuti zaidi ya 700,000 duniani.

Watengenezaji wake walitoa toleo lililorekebishwa, la 6.9, siku hiyo hiyo. Hata hivyo mashambulizi yaliongezeka. Siku chache baadaye, kampuni ya usalama ya Wordfence ya Marekani ilieleza kwamba tovuti zaidi ya milioni 1 zilizo chini ya ulinzi wake zilikuwa zimejaribiwa. Wadukuzi walibisha hodi kila mahali, hata kwa wasiokuwa na programu hiyo.

Kisa hicho kina funzo kwa yeyote anayesimamia tovuti ya shule, msikiti, kanisa, chama cha ushirika au gazeti dogo.

Programu-jalizi ni nini?

Tovuti zaidi ya 4 katika kila 10 duniani hutumia WordPress, mfumo usiolipiwa unaomwezesha mtu kuendesha tovuti bila kujua kuandika msimbo wa kompyuta. Mfumo huo hutoa mahitaji ya msingi tu. Anayetaka zaidi, kama vile fomu ya maombi, albamu ya picha au njia ya kupokea malipo, huongeza programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa katika mfumo mkuu.

Programu hizo ni makumi ya maelfu. Baadhi hutengenezwa na kampuni kubwa, nyingine na mtu mmoja anayejitolea. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba programu-jalizi ikishawekwa hupata mamlaka yanayokaribia yale ya mfumo wenyewe: huweza kusoma faili za tovuti, kuziandika upya na hata kuzifuta.

Faili ya kuhifadhiwa na faili ya kutiiwa

Picha ikipakiwa katika tovuti, seva huihifadhi na kuionyesha kama ilivyo. Lakini faili inayoishia na .php haishughulikiwi hivyo. Seva huisoma kama orodha ya amri na kuzitekeleza. Kwa hiyo mdukuzi akifanikiwa kuiweka faili ya aina hiyo mahali panapofikika, kisha akaifungua kwa kivinjari chake, huwa amepata uwezo wa kuiamuru seva ya mtu mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa File Manager. Programu hiyo ilijengwa juu ya msimbo wa watu wengine uitwao elFinder, uliokuja na faili ya mfano iliyopewa jina ambalo seva isingelitekeleza. Katika File Manager, jina hilo lilibadilishwa na kuishia na .php, wala hakukuwekwa ukaguzi wa kujua anayeifungua ni nani. Yeyote aliyejua anwani yake aliweza kupakia faili. Baadhi ya wavamizi, walipokwisha kuingia, waliuwekea mlango huo nywila yao wenyewe ili wavamizi wenzao wasipite. Mwenye nyumba ndiye pekee asiyejua kwamba kufuli limebadilishwa.

Mlinzi anayedanganyika

Wakati mwingine mlinzi yupo, ila hudanganywa. Mnamo Agosti 2011 Mark Maunder, mtaalamu wa kompyuta, aliona matangazo katika blogu yake isiyokuwa na matangazo. Uchunguzi wake ulimfikisha kwa TimThumb, msimbo wa kupunguza ukubwa wa picha uliotumika katika tovuti nyingi za WordPress. TimThumb iliruhusiwa kuchukua picha kutoka tovuti chache zinazoaminika, kama flickr.com na blogger.com. Kasoro yake ni kwamba iliangalia tu kama jina hilo limo popote katika anwani. Mdukuzi aliyetanguliza maneno blogger.com mbele ya anwani yake mwenyewe alipita bila kuulizwa, na faili yake ikahifadhiwa ndani ya seva.

Kuna pia kasoro inayomruhusu mgeni kusoma asichostahili kukisoma. Mwaka 2014 ilibainika kwamba Slider Revolution, programu ya kuonyesha picha zinazopokezana, ingeweza kuagizwa itoe faili yoyote badala ya picha. Wadukuzi waliiomba faili ya wp-config.php, ambamo huandikwa nywila ya hifadhidata. Wenye tovuti wengi hawakujua kwamba wanayo programu hiyo, kwa kuwa ilikuja imefungashwa ndani ya vifurushi vya mwonekano wa tovuti walivyonunua. Desemba mwaka huo, katika wimbi la mashambulizi lililohusishwa nayo, Google iliziorodhesha tovuti zaidi ya 11,000 kuwa za hatari.

Nini kifanyike?

Hatua ya kwanza ni kusasisha programu mara toleo jipya linapotolewa. Tangazo la marekebisho husomwa na wadukuzi pia, nao huanza kuwatafuta waliochelewa. Hapa usipoziba ufa, huenda usiku huo huo ukajenga ukuta.

Pili, programu isiyotumika ifutwe kabisa. Kuizima hakutoshi, kwa sababu faili zake hubaki katika seva na huenda zikafunguliwa moja kwa moja. Tatu, kampuni inayohifadhi tovuti iombwe kuizuia seva kutekeleza faili za .php katika folda ya picha zinazopakiwa. Nne, nakala ya akiba ihifadhiwe nje ya seva hiyo.

Tovuti ikiwa tayari imevamiwa, kusasisha hufunga mlango lakini hakumtoi aliyekwisha kuingia. Ni lazima faili ngeni zitafutwe na kuondolewa, na nywila zote zibadilishwe, ikiwemo ya hifadhidata.

Tovuti nyingi za jumuiya hutengenezwa mara moja na kijana mwenye ujuzi, kisha yeye huhama au hupata kazi kwingine, na tovuti hubaki bila mwangalizi. Ndani yake mna majina ya wanafunzi, namba za simu za wazazi na michango ya wanachama. Kamati zinazomiliki tovuti za namna hiyo zina maswali mawili ya kujibu katika kikao chao kijacho: ni nani mwenye nywila ya tovuti yetu leo, na ni lini mara ya mwisho programu zake zilisasishwa?