Vidonda vya Tumbo Si Mawazo Tu

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu husema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo na pilipili. Sivyo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliwatambua bakteria waishio tumboni ambao huleta vidonda hivyo. Chanzo kingine ni dawa za maumivu, kama aspirini na diklofenaki, tunazomeza kila siku kwa ajili ya mgongo.

Tukisikia tumbo linaunguza chini ya chembe ya moyo, twende tukapimwe. Bakteria hao hufa tukimaliza dozi. Lakini mwenzetu akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, asingoje zamu iishe: anavuja damu ndani. Tudai ruhusa ya hospitali siku hiyo hiyo, bila kukatwa mshahara.