Ukungu Usiotoka Mkononi

Bibi aliyeko Tanga au Mombasa, apokeapo picha ya mjukuu ambaye hajapata kumtia machoni, hana namna nyingine ya kumjua ila sura ile. Ikifika imeyeyuka mfano wa samli juani, lawama humwangukia mpiga picha: mkono watetemeka, ama simu yake duni. Naye huenda akatoa fedha zilizokusudiwa karo ili anunue kamera yenye lenzi ndefu, na picha zikazidi kuharibika.

Mkosaji ni hewa. Adhuhuri ya kiangazi joto la Riyadh hupita nyuzi 40, na lami huwa moto zaidi ya hapo. Hewa inayoigusa huwa nyepesi ikapanda, ikavurugana na ile nzito iliyo juu, na mwanga unaopita humo hupindwa huku na huku. Ndiyo asili ya mazigazi tuyaonayo barabarani kama dimbwi. Lenzi ndefu humkuza mtoto pamoja na mazigazi yaliyo mbele yake, wala hapana kamera iwezayo kuunyoosha mwanga uliokwisha kupindwa njiani. Piga basi mapema, jua likichomoza, na umsogelee mtoto hata zibaki hatua tatu.

Jeddah mambo ni mengine. Simu itokayo kwenye kiyoyozi ina kioo baridi, na unyevu wa Bahari ya Shamu hukitanda mara moja. Wageni kutoka Riyadh, waliozoea hewa kavu, hufuta na kufuta bure. Iache mkobani nusu saa ipate joto. Kisha ijaribu Al-Balad, penye nyumba za matumbawe zinazokumbusha Lamu na Unguja: matundu ya mbao za roshani yakionekana moja moja, lenzi i safi.

Chemchemi ya Mfalme Fahd, irushayo maji ya bahari zaidi ya mita 260 tangu 1985, ni kisa cha peke yake. Sehemu ya elfu moja ya sekunde huyaonyesha matone. Muda mrefu zaidi huyafanya shela jeupe. Mimi napenda shela, mradi simu imetulia juu ya ukuta na uso wa mtoto ndio uliolengwa. Upepo ukileta rasharasha, ifute lenzi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji yasiyo ya chumvi.